Mtoto Aliyelia kwenye Simu ya Mbaruku

Mtoto wangu alilia kabla hajazaliwa. Usiku ulikuwa umeshatulia, nimeshika ukingo wa kitanda, uchungu umenibana kiuno, na ng'ambo ya korongo, kule kwa kaka Mbaruku, nikasikia kitoto kinalia, ngaa, ngaa, ngaa, sauti inapanda mlima kama vile mtu amekibeba anakuja nacho kwetu. Nikacheka. Jamani, nilicheka na uchungu ule ule, mume wangu Sefu akadhani nimechanganyikiwa, nami namvuta shati namwambia, "Inalia! Sikiliza, Sefu, inalia!"

Usitishike wewe unayenisikiliza, si uchawi. Ile ilikuwa simu. Zahanati yetu ya Kwembago ilituwekea programu inaitwa Itika. Mjamzito akishikwa anabonyeza duara jekundu kwenye simu yake, basi, na simu ya dereva, popote ilipo, inalia kwa sauti ya kichanga, ili asije akadhani ni mtu anamtumia salamu. Dereva tunaye mmoja, kaka Mbaruku, kwa sababu Noah yake ndiyo gari pekee linalopanda mlima wetu mvua ikinyesha. Sasa simu hiyo ilikuwa haitaki kulia. Waliofanya ikalia ni wanawake watatu. Leo mtoto wangu ana siku sita, kesho ananyolewa nywele na kupewa jina, na kila mmoja wa hao watatu anasema jina ni lake. Acha nikueleze haraka kabla hajaamka, halafu unisaidie.

Wa kwanza ni Bibi Mwantumu, mama yake Mbaruku. Kipaji chake ni kwamba hatikisiki. Akisema amesikia, amesikia, hata kijiji kizima kimwambie hakusikia. Wa pili ni Saumu, mke wa Mbaruku, huyo kapewa macho, atakutazama unavyofuta mdomo akwambie umekula nini na umekula kwa nani. Wa tatu ni Hidaya, fundi simu wa pale gulioni, huyo kapewa subira, mteja anaweza kumlalamikia tangu asubuhi mpaka adhuhuri na asimkatishe hata neno moja. Wote watatu ni wa hapa hapa. Hakuna aliyeletwa kutoka mjini na kompyuta begani, na hilo nalisema kwa majivuno, utanisamehe.

Yalianza kwa jirani yangu Mwajabu. Alishikwa mvua inanyesha, akabonyeza duara, akangoja. Mbaruku hakuja. Akabonyeza tena. Mbaruku hakuja. Wanaume wakamlaza kwenye machela wakamteremsha kwa miguu, utelezi, giza, na Mwajabu akajifungulia njiani, amefunikwa makoti ya waliombeba. Mungu mkubwa, yeye na mtoto wakapona. Lakini asubuhi watu walikuwa mlangoni kwa Mbaruku.

"Ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa macho! Wallahi simu haikulia!"

"Nesi anasema kwake imeonyesha wito umefika."

"Umefika wapi? Mimi ndiye mwenye simu, na mimi nakwambieni haijalia!"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, tumbo la miezi saba. Kwa sababu wiki ile ile Nesi Eliwaza alikuwa amenipima presha, akanipima tena, akafunga kile kitambaa chake taratibu akaniambia, "Mishi, wewe usithubutu kuzalia nyumbani. Ikipanda hii, huna muda wa kungoja machela." Sasa watu wanagombana nani mwongo, mimi nahesabu wajawazito waliobaki kijijini, na anayefuata ni mimi. Nilitaka kitu kimoja tu: siku nikibonyeza, simu ilie. Basi.

Sasa Bibi Mwantumu. Siku ile ya ugomvi alitoka nyumbani kwake, mlango wa pili hapo hapo, na bakora yake akasema, "Usiku wa Mwajabu kuna kitoto kililia kabatini kwangu." Watu wakacheka. Mbaruku aliona aibu, akamshika mkono, "Mama, ingia ndani." Hakuingia. "Kililia mara mbili," akasema, "kikanyamaza." Mara mbili, na Mwajabu alibonyeza mara mbili, lakini nani alikuwa na akili ya kuunganisha? Walichounganisha watu ni kingine kabisa. Ikaanza minong'ono kwamba bibi yule ana kitu kabatini, kitoto cha nani hicho, anakifuga cha nini, na mabinti waliokuwa wakipita kwake kuazima kinu wakaanza kuzunguka njia ya juu. Mwanawe akataka kumleta shekhe amsomee.

"Mlete," Bibi akasema. "Ale ubwabwa aende zake. Kitoto kitalia tena."

Na hakukaa tu kungoja. Alishuka mwenyewe mpaka zahanati, na magoti yale, akamwambia Nesi Eliwaza, "Hicho kidude chenu mnachobonyeza, nenda nacho nyumbani kwangu ukibonyezee mbele ya kabati." Nesi ni mtu wa heshima, akaenda. Mimi nikafuata, Mbaruku kafuata ananung'unika. Nesi akabonyeza wito wa majaribio. Mfukoni kwa Mbaruku, kimya. Kabatini, ngaa, ngaa, ngaa! Mimi nilikimbilia uani, sisemi uongo. Bibi akafungua kabati kwa bakora, akatoa kanga, akatoa msahafu, akatoa simu. Simu ya zamani ya Mbaruku, kioo kimepasuka. Aliponunua mpya alichomoa laini akaihamishia kwenye mpya, ile ya zamani akampa mama yake na laini nyingine, asikilizie kaswida.

"Lakini namba yangu ninayo mimi!" Mbaruku akasema. "Laini ikihama, si na mambo yote yanahama?"

"Itika haikai kwenye laini," Nesi akamwambia. "Inakaa kwenye simu uliyojiandikishia. Tulikuandikisha kwenye ile ya zamani, basi inakutafuta kule kule. Ilikuwa inakufuata kabatini kwa mama yako."

Wakamtoa kwenye ile, wakamwingiza kwenye mpya kwa namba yake ya siri, Nesi akabonyeza, na mfuko wa Mbaruku ukalia. Tulipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Bibi Mwantumu hakupiga. Alikaa akarudisha kanga zake kabatini moja moja, akasema, "Aliyetaka kuleta shekhe, ubwabwa huo apike yeye."

Ungedhani yameisha. Mimi mwoga, sikulala. Nikamwomba Nesi ajaribu tena alfajiri. Akajaribu. Kimya. Mbaruku akaapa yuko macho na simu iko mkononi. Akaifungua ile programu aitazame, Nesi akajaribu tena, ikalia. Kesho yake alfajiri, kimya tena. Watu wakaanza kusema programu yenyewe ni mbovu, irudishwe ilikotoka.

Hapo ndipo Saumu aliposema. Na usione ni kitu kidogo, mwanamke kusema mambo ya chumbani mbele ya shemeji zake na nesi wa serikali. Alikuwa anachambua mchele uani, hakuinua hata kichwa. "Mume wangu kila akipanda kitandani anaifagia simu," akasema. "Anaweka kidole gumba, fyaa, fyaa, anavitupa vyote vilivyofunguka mpaka kioo kinabaki kitupu. Anasema anafunga milango."

"Sasa mtu alale na milango wazi?" Mbaruku akawaka. "Chaji inaliwa usiku kucha! Na wewe Saumu, umekosa la kusema?"

"Nimelikosa siku nyingi. Leo nimelipata."

Nesi akaitazama simu, akatikisa kichwa. Zipo simu ambazo ukiitupa programu vile inakufa kabisa, wito unakuja haumkuti mtu wa kuupokea, mpaka mwenyewe uifungue tena. Na ile simu mpya ilikuwa ya namna hiyo, halafu Mbaruku alikuwa amewasha kuokoa chaji, kwa hiyo hata asipofagia, simu inafagia yenyewe. Saumu akajifunza pale pale wapi pa kugusa ili Itika iachwe hai, akagusa. Lakini kidole gumba cha Mbaruku ni kidole cha mazoea, setingi haikizuii. Kila usiku Saumu alinyoosha mkono akachukua simu kabla haijafagiwa, akaiweka dirishani kwenye chaja. Kila usiku Mbaruku alikasirika. Siku tatu hakula chakula chake, alikwenda kula kwa mama yake, na Saumu akawa anapika vile vile, anafunika vile vile, na simu anaichukua vile vile. Nilimuuliza, "Dada Saumu, huogopi?" Akaniambia, "Naogopa sana, mdogo wangu. Lakini yeye akinuna atanuna siku tatu. Wewe ukikosa gari, utakosa mara moja tu."

Ikawa alfajiri inalia, asubuhi inalia, mchana inalia. Mbaruku akaanza kula nyumbani. Kijiji kikasema haya sasa, tumemaliza.

Mimi sikumaliza. Mtu mwenye presha halali, na asiyelala ana muda wa kubonyeza. Jioni moja, baada ya Isha, nikabonyeza wito wa majaribio kutoka kitandani kwangu, nikatega sikio ng'ambo ya korongo. Nikasikia vyura. Nikabonyeza tena. Vyura. Niliingiwa na baridi nikiwa nimejifunika blanketi mbili.

Asubuhi simu ikapelekwa kwa Hidaya. Akaifungua, akaipima, akaibonyeza, ikalia pale pale gulioni watu wote wakageuka kutafuta mtoto. "Simu nzima, shemeji," akamwambia Mbaruku. Usiku, kimya. Ikarudi kwake, mchana ikalia, akasema nzima, usiku kimya. Wenzake wa gulioni wakaanza kumtania, "Fundi, mgonjwa wako anaumwa usiku tu, mpeleke kwa waganga!" Na kwa fundi utani wa hivyo unakata mguu wa wateja. Hidaya alifunga banda lake siku ya gulio, siku ambayo mafundi hawafungi hata wakiwa na homa, akaenda kwa Mbaruku na kitambaa chake cha kudarizi. Nilikuwepo. Alikaa kwenye mkeka, akadarizi, akamwacha Mbaruku alalamike.

Na Mbaruku akilalamika, utachoka wewe. Alilalamikia barabara, akalalamikia tairi, akalalamikia wajawazito. Hidaya anasema tu, "Ehee." Halafu akalalamikia simu yenyewe.

"Halafu haina adabu! Mimi naamka alfajiri kupeleka mboga, mchana lazima nijilaze. Nimeiambia kabisa inyamaze nikilala, lakini ndiyo kwanza inapiga kelele. Na nyinyi na majaribio yenu ya mchana, hamnionei huruma."

Sindano ya Hidaya ikasimama. "Uliiambia inyamaze kuanzia saa ngapi, shemeji?"

"Saa nane mpaka saa kumi na moja."

"Ukaandika nane?"

"Sasa niandike ngapi, na mimi nalala saa nane?"

Hidaya alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Alicheka, akajaribu kusema, akacheka tena, na Mbaruku ananitazama mimi kana kwamba ninajua. Kumbe simu haihesabu saa kama sisi. Sisi saa zetu zinaanza jua likichomoza, zake zinaanza usiku wa manane, halafu adhuhuri inaanza tena upya. Nane ya mchana wetu kwake ni mbili. Na nane aliyoiandika yeye, akachagua na zile herufi za baada ya adhuhuri, kwa simu ni saa mbili ya usiku. Kwa hiyo mchana anapotaka kulala inapiga kelele, na ikifika saa mbili usiku inajinyamazia kwa utii kabisa mpaka saa tano. Nami sicheki sana, maana nimesoma mpaka kidato cha nne, na ningepewa mimi ningeandika nane vile vile.

Sasa fundi mwingine angerekebisha saa akaondoka. Hidaya aliifuta ile amri yote.

"Mchana je?" Mbaruku akauliza.

"Mchana tutazaa vile vile, shemeji."

"Kumbe mnazaa saa yoyote?"

"Saa yoyote."

"Hamna ratiba?"

"Hatuna." Saumu akacheka huko jikoni, Bibi Mwantumu akacheka kwake, na usiku ule, saa tatu na nusu, nilibonyeza majaribio na korongo zima likasikia kitoto.

Uchungu ulinishika wiki tatu baadaye, saa tatu ya usiku, ndani ya zile saa zilizokuwa bubu. Nimeshakusimulia nilivyocheka. Simu ilikuwa dirishani kwa Saumu, hai, imejaa chaji, ni simu yenyewe inayotakiwa, na Mbaruku alitoka na viatu viwili visivyofanana. Presha ilikuwa imepanda nikawa naona taa mbili mbili. Nesi Eliwaza aliingia garini na dripu mkononi, tukashuka mpaka hospitali ya wilaya, na huko daktari alipomtoa mtoto, msichana, mzima, alimwambia Sefu kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa anampa maneno mengine. Sefu hakuniambia mpaka juzi.

Basi. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, mtu yule ndiye somo wake. Ndiye anayemnyoa nywele za kwanza, ndiye anayemtoa nje kulitazama jua, na siku atakapoposwa ndiye anayeulizwa kabla yangu mimi mama yake. Si heshima ya siku moja. Jana wamekuja wote watatu, kila mmoja na kanga ya mtoto, wakakaa hapa kitandani kwangu, na nakwambia sijawahi kuona wanawake wanaopendana wakinyimana pumzi namna ile.

"Bila mimi mngekuwa mnatengeneza simu ambayo haiitwi na mtu," Bibi Mwantumu akasema. "Wito ulikuwa kabatini kwangu. Niliitwa mchawi kwa ajili ya mtoto huyu. Mwantumu ni jina zuri."

"Zuri sana, mama mkwe," Saumu akasema, amemkazia macho mtoto. "Lakini bila mimi ungeuhamisha wito ukaja kufia mkononi kwa mwanao kila akipanda kitandani. Wewe ulisikia mara moja. Mimi nimenyoosha mkono kila usiku mpaka usiku wenyewe. Na mwezi huu huu mwingine atabonyeza, mkono utakaonyooka ni wangu."

Hidaya alimngoja kila mmoja amalize, kama kawaida yake. "Mimi nauliza moja tu. Mishi alishikwa saa ngapi?"

Wote wakanigeukia. "Saa tatu," nikasema.

"Ahsante," akasema, akaendelea kudarizi.

Nesi Eliwaza akajaribu, maskini, akasema si mpeni yote matatu. Bibi akamwambia, "Nesi, kichwa ni kimoja, na wembe unashikwa na mtu mmoja." Sefu nikamgeukia, Sefu akasema aliyebonyeza ni wewe, amua wewe, akaenda kumtazama mbuzi wa akika.

Najivunia hawa watu, sijui nikwambie vipi. Mahali pengine simu ikikataa inatupwa, wanasubiri mtaalamu aje na gari la ofisi. Sisi bibi mmoja alisimama mbele ya kabati, mke mmoja alivumilia kununiwa, fundi mmoja alifunga banda siku ya gulio, na sasa ng'ambo ya korongo kuna simu inayolia. Lakini naogopa kuliko nilivyoogopa uchungu. Wifi yangu ana miezi minane. Nikimchagua mmoja, wawili watarudi nyumbani wamenyamaza, na simu ile ili ilie inawataka wote watatu: Bibi ndiye anayemkumbusha mwanawe asibadilishe simu kienyeji, Saumu ndiye wa dirishani, Hidaya ndiye anayekuja kuipima. Na nisipochagua, kesho shekhe atainama aniulize jina, wote watatu wakiwa wamekaa kwenye jamvi moja wananitazama mdomo, nami nitakuwa na mtoto asiye na jina.

Haya, ameshaanza kujinyoosha, ataamka sasa hivi. Niambie. Mmoja aliupata wito ulikopotea. Mmoja aliulinda usife. Mmoja aliufungulia saa yenyewe. Ukimtoa yeyote kati yao, mimi na huyu hatupo hapa. Ungekuwa wewe umempakata kesho, ungemwita Mwantumu, ungemwita Saumu, au ungemwita Hidaya? Usiseme kwa sauti, kuta za hapa nyembamba na Bibi ana masikio. Sogea, ninong'oneze jina moja tu, na kwamba limetoka kwako, naapa kwa huyu ninayemnyonyesha, sitamwambia mtu mwingine yeyote.